Mama Mkwe Aliyekataa Kukoma

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kukutana nami kwenye ukurasa huu, mambo yako hivi. Mimi ni Tusekile. Nililetwa Tunduma kutoka mashamba ya kahawa ya Mbozi kuja kuwa mke wa Ezron. Shule niliishia darasa la tano. Mtoto sijapata, na mama mkwe wangu, Restuta, hajawahi kuiacha siku ipite bila kunikumbusha.

Wiki iliyopita nilieleza alivyoleta mchumba nyumbani. Anaitwa Jofrey, mtu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka kule Zambia, amempita Ezron kidogo tu kwa umri. Mama alimwambia ana miaka arobaini na nane na kwamba atamzalia.

Arobaini na nane. Mimi ndiye niliyekuwa namkanda magoti kila asubuhi ili aweze kwenda chooni.

Ushahidi wake ulikuwa Agnes, mtoto wake wa mwisho, mwenye miaka tisa.

"Mwanamke mwenye mtoto wa darasa la tatu ni mzee?" alimuuliza Jofrey.

"Mzee wapi," Jofrey akajibu. "Wewe bado mbichi."

Jofrey alipenda watoto, na alipenda duka la vitenge la mama. Sijui kipi zaidi. Viatu vyake vilikuwa na ncha kali na vinang'aa kuliko uso wake, na akili zake zote nadhani alizihifadhi humo.

Sasa niendelee.

Mama asingeweza kumshika Jofrey kwa maneno matupu. Ndipo akaingia Nesta na mkoba wake mwekundu.

Nesta alikuwa rika la Ezron. Alizoeleka kwetu tangu kabla sijaolewa, alikuja bila kubisha hodi, na hakukosa kumletea Agnes viatu. Alivuka mpaka akarudi na vidonge, akavitoa kwenye karatasi za kiwandani, akavimimina kwenye kichupa chenye picha ya moyo mwekundu na mzungu anayecheka.

"Bamayo," alimwambia mama, maana akitaka kuuza anageukia Kibemba, na bamayo ni mama, "hii ni estrojeni. Homoni ya kike yenyewe. Mwanamke akiishiwa nayo, moyo unachakaa. Ukiirudisha, moyo unarudi usichana. Hii ni kinga ya moyo. Ujana ni nyongeza tu."

Mama ulimi wake haukuliweza jina hilo. Akaviita Esta.

"Tusekile, niletee Esta wangu."

"Tusekile, leo nimemmeza Esta au bado?"

Nesta anauza Esta, mama anammeza Esta, na mimi ndiye nabeba glasi ya maji. Vidonge vya presha alivyopewa hospitali alivitupa kabatini nyuma ya sahani za wageni. Alisema vidonge vya presha ni vya wazee.

Baada ya miezi kadhaa, damu ikarudi.

Aliniita chumbani akafunga mlango. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona?" akaniambia, akinirushia shuka. "Wewe umri wako ni wa kuzaa na tumbo limelala kama gunia tupu. Mimi nitazaa kabla yako. Kafue."

Nesta alipoelezwa, alipiga makofi.

"Hiyo ndiyo risiti yake, bamayo. Dawa imeingia."

Nikafua. Mimi ni mtu wa aibu, maneno hunikwama. Lakini kumdharau mtu hakuhitaji maneno, na siku ile niliwadharau wote wawili mpaka povu likaisha kwenye beseni.

Kisha mama akaanza kusimama katikati ya ua kama mtu aliyesahau alichokifuata. Akipanda ngazi mbili za duka, anahema. Alilalamika taya linamuuma, mgongo unamvuta, amechoka kabla hata hajaanza kazi.

"Ni gesi," Nesta akasema. "Punguza maharage."

Siku taya lilipomzidi, tulikwenda zahanati. Tulimkuta daktari kijana, mpole, mgeni wa mkoa. Akamwuliza vizuri tu.

"Mama, ulikoma lini?"

Nyumbani kwetu neno hilo analirusha mama, tena kwa mbwa na kwangu. Hakuna aliyewahi kumrudishia.

"Nikome?" mama akasema. "Nimekukosea nini wewe mtoto mpaka nikome?"

"Hapana mama, namaanisha siku zako. Hedhi. Ilikoma lini?"

"Ukome wewe na waliokusomesha. Mimi hapa nilipo niko kwenye siku zangu. Muulize huyu anayenifulia."

Daktari akanigeukia. Ningesema nini? Damu kweli ilikuwepo. Nikaitikia kwa kichwa.

"Mtoto wa mwisho ana umri gani, mama?"

"Yuko darasa la tatu."

"Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Natumia uji."

Kijana wa watu akaandika dawa ya gesi na vidonge vya kuongeza damu, akatuaga. Alikuwa ameuliza alichopaswa kuuliza, akajibiwa na mjinga.

Kwenye bajaji mama alinishika mkono, kucha zikaingia.

"Siku utakayomwambia mtu kwamba mimi nimekoma, utarudi Mbozi na lile begi lako lisilo na zipu. Na Ezron ataoa mwanamke anayezaa. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Nilisikia vizuri sana. Kwetu wapo wadogo zangu wanaolala wanne kitanda kimoja. Mke aliyerudishwa bila mtoto hana hata mahali pa kuning'iniza kanga.

Alhamisi iliyopita Nesta akafanya semina sebuleni kwetu. Walikuja wanawake wa sokoni, wamejaa mpaka mlangoni, wamekaa midomo wazi kama vifaranga wanaosubiri kulishwa. Jambo lolote linaloitwa semina wao wanakwenda. Hata ingekuwa semina ya kujifunza kupumua, wangejaa.

"Moyo wa mwanamke hauui tena," Nesta akawaambia. "Kuna kinga. Bamayo huyu hapa atatoa ushuhuda."

Mama akasimama. Alikuwa amevaa gauni alilokata kwa ajili ya kuvishwa pete. Zipu haikufika juu, nikaifunika kwa kitenge.

"Wanawake wenzangu," akaanza, "mnaniona. Nani anaweza kuniambia nina miaka mingapi?"

"Moyo wangu," akasema, akajipiga kifuani, "ni wa msichana." Akajipiga tena. "Wa msichana kabisa."

Akainua mkono ajipige mara ya tatu, na mkono haukurudi. Ulibaki hewani, kisha ukashika taya. Jasho likamtoka usoni, poda ikashuka nalo mpaka kwenye kola.

"Msiogope," Nesta akasema. "Ni uchafu unatoka."

Mama akainama, akatapika kwenye zulia.

"Mnaona?" Nesta akasema. "Unatoka."

Muuza dagaa mmoja akauliza kama na yeye akianza dozi atatapika, maana yeye hapendi kutapika. Mwingine akamjibu kwamba uzuri una gharama zake. Mama mkwe wangu alikuwa amepiga magoti mbele yao, rangi imekuwa ya majivu, na wao wanajadili dozi.

Nesta maneno hayakumwisha, lakini mikono yake ilikuwa inafunga mkoba.

"Nakwenda kuleta dawa ya kutuliza," akasema. "Narudi sasa hivi."

Nilimtazama alivyotoka. Mtu anayekwenda kuleta dawa hafuniki uso kwa mtandio.

Nikachukua kichupa cha Esta, nikaita bajaji, nikampigia Ezron. Nikampigia na Jofrey, kwa sababu mama alikuwa analitaja jina lake.

Hospitali walimlaza, wakambandika nyaya kifuani, wakamwekea barakoa ya hewa puani na mdomoni. Daktari wa zamu alikuwa mama mtu mzima, sauti yake chini, hana muda wa kupoteza. Ezron akafika na fulana ya kazi. Jofrey akafika na viatu vyake.

"Nani anakaa na mgonjwa?" daktari akauliza.

"Mke wangu," Ezron akasema, akanisukuma mbele.

"Anatumia dawa gani?"

"Esta," nikasema.

"Esta ni nani?"

Nikampa kichupa. Akakifungua, akamimina vidonge viganjani, akavitazama kama mtu anayetazama mende.

"Aliyemuuzia alisema ni nini?"

"Estrojeni. Alisema ni kinga ya moyo."

Daktari akashusha pumzi.

"Si kinga ya moyo," akasema. "Sikilizeni, nitasema mara moja. Homoni hii ipo, na wapo wanawake tunaowapa. Ni wale ambao ndiyo kwanza wanakoma, joto linawapanda ghafla, hawalali. Tunampima kwanza, tunachagua ya kumfaa, tunamfuatilia. Hatumpi mtu ili kumlinda moyo. Sasa mwanamke aliyekoma zamani, tena ana presha, ukimwanzishia leo kienyeji hivi, damu yake inaweza kuganda. Bonge likaziba mshipa wa moyo, au wa ubongo. Na kama ana kizazi na anapewa hii peke yake, anaweza kuanza kutoka damu. Damu hiyo mtu akiifurahia, anafurahia ugonjwa. Inatakiwa ichunguzwe."

Nikamtazama mama. Alikuwa anatazama dari.

"Ndiyo maana nauliza," daktari akaendelea. "Mama, ulikoma lini?"

Mama akatikisa kichwa. Akaisogeza ile hewa pembeni.

"Sijakoma."

"Dokta, huyu ana arobaini na nane," Jofrey akadakia. "Tunafunga ndoa mwezi ujao. Ana mtoto mdogo kabisa, darasa la tatu."

"Mama anaujua mwili wake, dokta," Ezron akasema. Aliinamisha uso. "Kama amesema hajakoma, hajakoma."

Nikamtazama mume wangu. Mama yake anakufa mbele yake, na yeye anatetea uongo wa umri. Nikajiambia, huyu naye ni wale wale. Nilidhani anamwogopa mama yake. Hilo ndilo nililodhani.

"Jamani, sichezi hapa," daktari akasema. "Kama bado anaona siku zake, damu hii nina namna ya kuielewa. Kama alikoma zamani, nina namna nyingine kabisa, na nikimpeleka Mbeya lazima wajue ni ipi. Anayejua ukweli aseme."

Mama alinigeuzia macho. Niliona begi langu lisilo na zipu.

Jamani, mimi ni mkwe. Kulitaja jambo la mwilini mwa mama mkwe mbele ya mwanawe na mbele ya mchumba wake, neno hilo halina njia ya kupita kooni. Nililisukuma likagoma. Hewa ile ikawa inaunguruma, na mama anazidi kuwa wa majivu.

Likatoka lingine.

"Mama alikuwa anafua vitambaa vya Meza," nikasema. "Kule Mkwajuni, alikokuwa akiishi zamani."

Daktari akanikodolea macho.

"Binti, nimekuuliza habari ya hedhi, wewe unaniambia habari ya kufua."

"Vitambaa vya Meza ya Bwana," nikarudia. "Kanisani. Alivifua yeye."

Ezron akafumba macho. Lakini Jofrey aliacha kuchezea simu. Uso wake ulibadilika polepole, kama taa inayoishiwa mafuta.

"Dokta," akasema, "bibi yangu alikuwa anafua vya usharika wetu. Havishikwi na mwanamke anayeona siku zake. Havishikwi kabisa. Wanapewa waliokwisha kukoma."

"Ahaa," daktari akasema. Akanigeukia, safari hii kwa upole. "Alivifua lini?"

"Mwaka siujui. Aliniambia mwenyewe siku aliyonifundisha kufua nguo nyeupe. Alisema hivi ndivyo alivyokuwa anafua vitambaa vya Meza, Ezron akiwa bado anavaa kaptura ya shule ya msingi."

Sote tukamtazama Ezron. Ana ndevu, na kipara kimeshaanza kumtafuta.

Daktari hakuuliza zaidi. Akawaita wauguzi, akataja sindano, akasema gari la wagonjwa liandaliwe kwa safari ya Mbeya. Kile kichupa cha Esta akakitia kwenye mfuko kiende pamoja na mgonjwa.

"Umetusaidia," akaniambia, akatoka haraka.

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo tangu nije Tunduma. Nilisimama pale nikijihisi mrefu. Nikaona sasa nimewaweza wote, mama na urembo wake, Nesta na mkoba wake, na huyu bwana harusi wa viatu. Wote wajinga, mimi peke yangu ndiye mwenye macho.

Furaha hiyo haikufika mbali.

"Ngoja kwanza," Jofrey akasema. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitumia sehemu iliyo juu ya miguu yake. "Ezron alikuwa na kaptura ya shule, mama yake ameshakoma. Ezron sasa ni mtu mzima. Na Agnes ana miaka tisa."

Ezron akageukia ukuta.

"Nauliza tu," Jofrey akasema. "Agnes alizaliwaje?"

Vitambaa vya Meza nilivijua. Agnes namchana nywele kila Jumapili. Mambo hayo mawili sikuwahi kuyaweka kwenye beseni moja.

Mama akaiondoa hewa yote usoni. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini ile dharau ilikuwa pale pale.

"Umefurahi, mke wa Ezron?" akaniuliza. "Ulifikiri unafungua chumba changu. Umefungua chako."

Simu ya Ezron ikaita. Simu yake ile imeharibika, haisikiki mpaka uweke spika. Aliitazama ikilia, akaitazama tena, akapokea.

"Kaka Ezron, ni mwalimu Yonasi, mwalimu mpya wa Agnes. Samahani kwa usumbufu. Mama yake Agnes yuko hapa ofisini, anataka kumchukua kabla ya muda. Anasema wanavuka Nakonde leo hii hii. Mtoto mwenyewe amefurahi, anasema ndiye anayemleteaga viatu. Nimruhusu?"

Mama yake Agnes alikuwa mbele yetu, kitandani, na nyaya kifuani.

Jofrey akamtazama Ezron. Mimi nikamtazama Ezron. Mtu mwingine yeyote angeuliza, mama yupi?

Ezron hakuuliza.

"Usimruhusu, mwalimu," akasema. "Mwambie Nesta anisubiri."